Usitangulie Majini

Kwanza, siyo shimo. Ni josho. Rubeni wa kwa Machage alikuja hapa kwangu juzi, mtu mzima, mjumbe wa serikali ya kijiji, shikamoo bibi, marahaba, hata chai hajaionja ananiambia, "Bibi, tumepitisha kwenye kikao, tunalifukia lile shimo la kule bondeni. Mbuzi wa watu wanatumbukia." Nikamwambia weka kikombe chini. Shimo ni la choo. Lile ni josho, marehemu babu yako ndiye alikuwa mwenyekiti wakati tunalichimba, na watoto wa kijiji hiki waliogelea mle mpaka wakaenda kushindana ziwani Musoma. Akacheka! Alidhani nimezeeka vibaya.

Basi fukieni. Mimi sikatai, mbuzi ni mali ya mtu. Lakini kabla hamjatupa udongo mtajua mnafukia nini, maana bado nipo na mdomo wangu upo.

Miaka ile tulikuwa tumehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Sisi tulitoka kando ya mto Mara, wengine walitoka Ringwani, wote tukawekwa pamoja hapa upande wa Kenyamonta. Shida zilikuwepo, sitadanganya. Sukari foleni, sabuni foleni, na ule unga wa njano tuliouita unga wa yanga, ukiusonga ugali watoto wanauangalia kwanza kabla ya kula. Lakini watu walikuwepo. Ukipiga yowe mtu anatoka. Ikigongwa kengele, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Wazee waliendelea kuiita risaga, kazi ya pamoja kama ya zamani, isipokuwa sasa pombe ilikuja baada ya hotuba. Nikikumbuka siku zile moyo unaniuma, na wala sioni haya kusema.

Josho tulilichimba hivyo, kwa risaga. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ndigana, kupe wamejaa masikioni, na bwana mifugo akatoka Mugumu akasema chimbeni, saruji na dawa vitaletwa. Saruji ikaja. Fundi akajenga mfereji mrefu mwembamba. Mwanzoni pana kina cha kumzamisha fahali mpaka pembe. Ng'ombe anarukia pale, anaogelea kwenda mbele, hana nafasi ya kugeuka, anatokea upande wa pili kwa ngazi. Upana wake ni wa ng'ombe mmoja tu. Sisi akina mama tukachota maji mtoni tukalijaza ili ionekane kama linavuja. Halikuvuja hata tone. Ikabaki dawa. Dawa ikawa inakuja wiki ijayo, na wiki ijayo haikwisha. Masika yakaingia yakaongeza maji, josho likakaa pale limejaa na ng'ombe wetu wanaliangalia kwa mbali.

Hapo ndipo akaingia Mwalimu Selestine. Mtu wa Ukerewe huyo, mzaliwa wa kisiwani, akapangiwa kufundisha huku kwetu ambako maji ni ya kunywa na kunywesha. Kijana mwembamba, mabega mapana, kicheko hakimwishi. Ikaja taarifa ya michezo ya shule za msingi ya mkoa, kule Musoma. Kutakuwa na mbio, kuruka, mpira, na kuogelea. Walimu wengine wa huku walipofika kwenye neno kuogelea wakaliruka. Selestine akashuka bondeni, akasimama kando ya josho, akaliangalia sana, akavua shati.

Habari zikapanda kijijini. Mwalimu anaoga kwenye josho! Mwenyekiti Machage akashuka mbio kwenda kumfokea, akakuta watoto wamejipanga mstari wanangoja zamu.

"Mwalimu," Machage akasema, "hili ni la kuogeshea, siyo la kuogelea."

"Mwenyekiti, ng'ombe wakija tutawapisha. Kwa sasa maji yamekaa bure."

Machage, mtu wa hotuba, akaweka fimbo chini. Akakaa kwenye ukuta akatazama. Baadaye watu wakamwona anapiga makofi.

Sasa niwaambie habari yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Jina langu ni Wegesa, lakini hapa kila mtu ananiita Mama Nashoni. Nashoni alikuwa mwanangu wa kwanza. Mungu alinipa wawili tu, Nashoni na Ghati. Tulipokuwa bado tunakaa kando ya mto Mara, Nashoni alikuwa ng'ambo na ng'ombe wa baba yake, na mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Vijana wenzake walisema tungoje maji yapungue. Nashoni hakuwa mtu wa kungoja. Akasema, "Mimi natangulia, ng'ombe watanifuata." Akatangulia. Ng'ombe walimfuata, wakafika wote mpaka ndama. Yeye hakufika.

Siku ya mazishi mchungaji akasema, "Nashoni ametutangulia." Alisema kwa wema, ndivyo wachungaji wanavyosema. Kila aliyekuja kunishika mkono akarudia hivyohivyo. Ametutangulia, Mama Nashoni. Ametutangulia. Nikalichukia lile neno. Nikalifukuza nyumbani kwangu kabisa. Asubuhi moja mume wangu Kisyeri alijisahau akasema, "Natangulia shambani," nikamrushia mfuniko wa sufuria. Toka siku hiyo akawa anasema, "Naenda, utanikuta." Na Ghati njiani alitembea nyuma yangu siku zote. Tukienda kuni, kisimani, kanisani, mimi mbele yeye nyuma. Akijaribu kupita namvuta gauni. Nilimwambia tangu akiwa mdogo kabisa: usitangulie, na zaidi ya yote usitangulie majini.

Kwa hiyo siku aliporudi shuleni nywele zimelowa na mvua haijanyesha, mnaweza kujua kilichotokea. Nilimshika mkono nikamburuta mpaka kwa Mwalimu. Nilitukana njia nzima. Nilimtukana Selestine, nikaitukana Ukerewe yote na samaki wake.

"Shikamoo, Mama Nashoni," akasema.

"Sitaki shikamoo yako! Mtoto huyu ndiye niliyebaki naye!"

Aliyejibu ni Kisyeri, ambaye alikuwa amenifuata kwa nyuma bila mimi kujua. Kisyeri alikuwa mtu wa maneno machache, ukimwoa, samahani, ukiolewa naye unazoea kusema peke yako. Akasema, "Mama Nashoni, yule wa kwanza hakufa kwa sababu ya maji. Alikufa kwa kutojua maji. Huyu ajue." Kisha akageuka akaenda zake kwa ng'ombe.

Nilikaa chini palepale nikalia. Nilijua amesema kweli, na hilo ndilo lililoniliza. Nilipomaliza nikamwambia Selestine masharti yangu. Ghati hataingia majini kama mimi sipo pale kwenye ngazi za kutokea. Na hatakuwa wa kwanza. Awe nyuma ya mwenzake siku zote, amwone mtu mbele yake. Mwalimu akasema, "Nimekubali, mama." Nikamgeukia Ghati. "Na wewe, kanuni yako?" Akasema, "Nisitangulie majini."

Ndivyo nilivyogeuka kuwa mama wa mwogeleaji. Kila siku jua likianza kupoa nilishuka bondeni na sufuria ya uji kichwani, nikakaa kwenye ngazi za ng'ombe. Mwanzoni nilikaa nimefumba macho, nahesabu mapigo ya miguu tu kwa masikio. Sikuwa peke yangu. Alikuwepo Efrazia, mama yake Bhoke, mwanamke mwenye ulimi kunizidi mimi, na hilo si jambo dogo. Walikuwepo akina mama wengine wanaonyonyesha, wanaosuka ukili, wanaochambua mboga. Baba zao walisema hawana muda wa upuuzi, lakini kila baba ng'ombe wake walipata malisho karibu na josho. Hata wakati wa jua kali, nyasi za pale zilikuwa zimekwisha siku nyingi, wao wanalisha palepale.

Kufundisha kwenyewe kulifuata josho. Mfereji ni wa ng'ombe mmoja, kwa hiyo watoto waliingia kwa foleni. Anaruka Bhoke, anafuata Kezia, anafuata mwingine, mwisho kabisa Ghati wangu. Huwezi kumpita mwenzio, utapitia wapi? Mwalimu akaweka sheria: ukimfikia wa mbele, mguse unyayo, aongeze mwendo. Ukitoka kwenye ngazi, zunguka, rudi kwenye foleni. Walikuwa wanazunguka hivyo mpaka jua linakaribia kuzama, na Machage alizoea kusimama pale na fimbo yake anasema, "Haya, ng'ombe wangu, ogeni! Kupe wafe!" Watoto wanacheka mpaka wanameza maji.

Ghati alikuwa wa mwisho kwenye foleni lakini hakuwa wa mwisho kwa mbio. Mwalimu akambadilisha akamweka nyuma ya Bhoke, aliyekuwa na kasi kuliko wote, na bado alikuwa anamfikia. Kila mzunguko anamgusa unyayo. Efrazia akakasirika.

"Mama Nashoni, mtoto wako atamkwangua wangu nyayo ziishe."

"Mwambie wako akimbie."

"Si umwambie wako apite basi, tuone."

Nikakoroga uji. Efrazia akajishika mdomo, maana alikumbuka. Alikuwa na ulimi, lakini alikuja kwenye msiba wangu akalala kwangu mpaka tanga likaisha, akanipikia na kunifulia. Nisije nikamsema vibaya marehemu.

Nguo nazo zilikuwa kasheshe. Gauni likilowa linamvuta mtoto chini, na kitambaa kwenye duka la kijiji hakikuwepo. Tukashona kaptula za kufunga kwa kamba, kila mama na alichonacho. Mimi nilikata kaniki yangu ya kulimia. Efrazia akachukua mfuko wa kitambaa wa ule unga wa yanga, una maandishi ya kizungu ya bluu, akamshonea Bhoke kaptula nzuri kabisa, maandishi yakaangukia nyuma kwenye makalio. Siku ya kwanza Bhoke alipovaa, Mwalimu aliangalia akageuka upande akajizuia kucheka. Tukamwambia soma basi. Akasema, "Imeandikwa, haiuzwi." Wazee waliokuwa wanalisha pale wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mura, kijana wangu, huyo hana mahari! Serikali imeshakataza!" Efrazia alizira mpaka kesho yake. Lakini kaptula hakuibadilisha, maana kitambaa kingine angekipata wapi.

Tukaenda Musoma kwa lori la pamba la ushirika. Kijiji kilichanga mahindi na karanga za njiani, na wazazi wawili tukaruhusiwa kusindikiza, mimi na Efrazia. Kisyeri alitupeleka mpaka barabarani. Akamshika Ghati kichwani, akaniangalia mimi, akasema, "Naenda kwa ng'ombe, mtanikuta." Lori likatikisa matumbo yetu njia nzima, watoto wanaimba nyimbo za shule, vumbi limetufanya wote rangi moja. Tulilala kwenye darasa, juu ya magunia.

Asubuhi tukapelekwa mwaloni, pale ufukoni mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Mimi maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya mto Mara wakati wa mafuriko. Yale ya ziwa sikuyaelewa. Yanakwenda mpaka yanakutana na mbingu, na yanapumua. Watoto wetu wakasogeana. Ghati akanishika kanga.

"Mama, ukuta uko wapi?"

"Ukuta gani?"

"Wa kuogelea katikati yake."

Nikamwambia, "Uliza Mwalimu." Mwalimu akasema ukuta haupo, mnaogelea kutoka kwenye kamba ile mpaka kwenye mtumbwi ule uliofungwa nanga, sambamba na ufuko, hampotei. Alikuwa anacheka, lakini niliona anaupima umbali ule kwa macho. Nadhani ndipo alipoanza kufahamu alichokifanya.

Wavulana wetu waliogelea kwanza, wakashindwa, sitaki kuwasimulia. Wakaitwa wasichana. Walijipanga kwenye kamba, maji yako kiunoni, wale wa mwambao wa ziwa wenyewe wamesimama kama wako jikoni kwao. Wetu walikuwa Bhoke, Kezia na Ghati. Watu wakaanza kuisoma kaptula ya Bhoke, kicheko kikapita ufukoni kote. Efrazia akageuka akawaambia, "Mnacheka nini? Nyie za kwenu zimeandikwa nini?"

Filimbi ikalia. Wote wakajitupa mbele. Ghati alisimama! Alisimama pale kwenye kamba anangoja wenzake watangulie, ndivyo nilivyomlea. Walipoondoka wote ndipo naye akaingia. Nilishika kichwa. Halafu, jamani, alikuwa na kasi yule mtoto. Alikata maji akamfikia wa mwisho, na huyo kwa sababu alikuwa anakwenda upande upande akapotea njia, akabaki nyuma. Akamfikia mwingine naye amechoka. Wale walijiondoa wenyewe, hakuwapita kwa kutaka. Akamfikia Kezia, na Kezia alikuwa amesimama anakohoa. Mbele wakabaki binti mmoja wa mwaloni hapohapo, mtoto wa mvuvi, nyuma yake Bhoke, nyuma ya Bhoke Ghati.

Na hapo mbele ya macho ya mkoa mzima watoto wetu wakajipanga foleni. Ziwa lote lile, upana mpaka mbinguni, na wao wamejibana mstari mmoja nyuma ya mtoto wa mvuvi. Bhoke anamgusa yule unyayo, yule anashtuka anadhani ni samaki. Ghati anamgusa Bhoke unyayo. Watu wakaanza kuuliza, "Hawa wanafanya nini?" Na mtu mmoja aliyekuwa anatujua, sijui kutoka wapi, akapaza sauti, "Hao wanafundishiwa kwenye josho la ng'ombe! Wanakwenda joshoni!" Ufuko ukalipuka. Wakaanza kupiga mbinja za wachunga ng'ombe. "Joshoni! Joshoni!"

Mwalimu Selestine akajipiga kofi la uso. "Nimewafundisha mwenyewe," akasema. Kisha akapiga kelele, "Piteni! Piteni!" Lakini pita ni neno gani kwa mtoto ambaye hajawahi kupita? Joshoni hakuna kupita.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Sikumbuki kuamua. Nilikimbia kwenye ukingo wa maji sambamba nao, halafu nikawa ndani ya maji, mimi ambaye tangu Nashoni nilikuwa nanawa miguu kwa kata. Maji yako magotini, kanga inanivuta, na Ghati akainua kichwa upande wangu. Alikuwa ananitafuta. Joshoni siku zote alikuwa ananiona mimi kwenye ngazi, na sasa ngazi hakuna, ananitafuta kwa macho na huku anapiga mikono, polepole, kwa adabu, nyuma ya mwenzake.

Nikamwita, "Kaza, Ghati!" Akakaza, akamgusa Bhoke unyayo.

Nikasema, "Nenda! Fanya haraka!" Akamgusa tena.

Niliona usoni kwake kwamba nguvu anazo na anazizuia. Anangoja. Hakuna mtu duniani aliyemfungia mlango ule ila mimi, na mlango wenyewe una neno moja tu. Nilifungua mdomo, likakwama. Nikamwona Nashoni wangu amevua shati anaingia mtoni anacheka, ng'ombe nyuma yake. Mungu wangu, niliona hata kovu lake la begani. Nikasema moyoni, nikilitoa neno hili na huyu asiporudi, nitakwenda wapi mimi?

Mtumbwi ulikuwa karibu. Nikalia kwa sauti ambayo Efrazia alisema baadaye hakujua kama ni ya mtu.

"Tangulia! Ghati, tangulia! Tangulia, mwanangu!"

Aliacha kupiga mikono. Kwa muda mfupi akaelea tu, ananiangalia, kama hakusadiki. Nikarudia huku nalia, "Tangulia!" Akatoka kwenye mstari. Akajitupa pembeni, peke yake, hakuna mtu mbele yake, maji matupu, akaogelea. Nilikuwa sijawahi kumwona anaogelea. Nilimwona siku ile. Akampita Bhoke, akamfikia mtoto wa mvuvi bega kwa bega, na mbinja zikakatika, watu wakasimama. Efrazia nyuma yangu anapiga kelele, "Mama Nashoni, unamwambia wako amtangulie wangu?" na hapohapo anapiga vigelegele, hajui ashike lipi.

Mkono wa mtoto wa mvuvi uligusa mtumbwi kwanza. Wa Ghati ukafuata. Kila nikisimulia watu wananiuliza, alishinda? Swali la kijinga. Aliushika mtumbwi, akafuta macho, akageuka. Akaanza kurudi. Akaogelea peke yake katika maji yale yote mpaka pale nilipokuwa nimesimama, akasimama mbele yangu anahema na kutetemeka, mzima. Nilimshika masikio, mabega, vidole. Akasema, "Mama, umelowa."

Alipewa bakuli la bati lenye maua mekundu. Mshindi alipewa jembe jipya. Bhoke alikuwa wa tatu, akapewa kalamu, na njiani kurudi Efrazia alinuna mpaka tulipokula karanga zake, ndipo akasahau.

Lori lilitushusha barabarani mchana, tukashuka kwa miguu kupitia bondeni ili watoto waoneshe zawadi kwenye josho lao. Tukasikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Dawa ilikuwa imekuja. Maji yale tuliyoyaacha safi yamekuwa meupe, yananuka mpaka machozi yanatoka, na ng'ombe wa kijiji kizima wamepangwa foleni. Machage amesimama na fimbo anawahimiza, Kisyeri yuko kwenye ngazi, pale nilipokuwa nakaa mimi, anawapokea wanaotoka. Watoto wakasimama ukutani wakiangalia. Ng'ombe anaruka, anazama, anatokeza kichwa, anaogelea kwenda mbele, na wa nyuma anamfuata. Bhoke akaanza kulia. Mwalimu Selestine akasema, "Tuliwaahidi tutawapisha," na sauti yake haikuwa na kicheko. Tulifurahi kwa ajili ya mifugo, nani asingefurahi, ndigana ilikuwa imetumaliza. Lakini hakuna mtoto aliyeogelea tena hapa kijijini, na Selestine baada ya muda akahamishwa. Jioni zile za uji na makelele ziliishia pale.

Kisyeri aliniangalia kanga yangu iliyokauka na michanga ya ziwa mpaka magotini. Akaangalia bakuli kichwani kwa Ghati. Akasema tu, "Nina njaa."

Tukaanza kupanda kwenda nyumbani, mimi mbele, Ghati nyuma, kama kawaida yetu. Njia ile ina kilima na mimi nilikuwa nimechoka na lori. Nikasikia nyayo zake zimesimama.

"Mama."

"Nini?"

Alikuwa anaogopa, nilisikia kwenye pumzi yake.

"Natangulia nikawashe moto?"

Nilisogea pembeni kwenye majani, njia ikawa wazi.

"Tangulia, mwanangu."

Akanipita mbio, bakuli ameshalishika mkononi, mguu unainuka na kushuka, mpaka nyumba ya kwanza ikamficha. Mimi nilifuata taratibu, nikakaa kidogo njiani, nikalia machozi yangu yote yaliyokuwa yamebaki. Nilipofika, maji ya ugali yalikuwa yanachemka.